Pointi za mezani hazilali salama: Rungu la Bodi ya Ligi linaishia wapi?

LISEKESE, MASASI. Mpira ulishaisha, lakini hakuna aliyeondoka uwanjani. Timu iliyofungwa ilikuwa imemzunguka kamisaa wa mchezo, mwalimu mmoja mtaratibu wa shule ya msingi, ikimtaka jambo moja tu: atangaze palepale kwamba wapinzani wao wamepokwa ushindi.

Sababu wanayo. Winga aliyewafunga mabao yote mawili si kijana wa mtaa ule, na jina lililoandikwa kwenye fomu si lake. Ni mamluki, ameletwa kwa bodaboda kutoka upande wa Newala. Zawadi ya bingwa ni mbuzi, ndiyo, lakini kiingilio walichochangishana kimetoka kwenye hela ya korosho, na ukanda huu hela ya korosho haifanyiwi mchezo.

Kamisaa alisubiri kelele zipungue, akatoa kalamu mfukoni. Akawaambia ataandika. Wakamjia juu: unaandika nini wakati umeona kwa macho yako? Akawajibu kwamba yeye kazi yake ni kuona na kuandika, kuhukumu kuna wenyewe. Kidogo apigwe.

Nilikuwa pembeni ya uwanja siku ile, na nikiri kwamba hata mimi niliona mwalimu anakwepa moto. Baadaye, nikiwa kwenye kahawa, nikakumbuka Kaitaba. Nikaona kumbe yule mwalimu anaijua kanuni kuliko wakubwa wengi waliowahi kukaa kwenye viti vya mbele pale Benjamin Mkapa.

Maana swali la vijana wa Lisekese ndilo swali ambalo limeitikisa Ligi Kuu yetu mara kwa mara. Nani ana mamlaka ya kuiadhibu timu? Na mamlaka hayo yanaishia wapi?

NANI ANASHIKA RUNGU?

Tuanze na kumwondolea kamisaa lawama zisizo zake. Kamisaa, au kamishna kama wengine wanavyomwita, ni jicho na kalamu. Anasimamia kikao cha maandalizi kabla ya mechi, anaangalia kama uwanja, ulinzi na timu viko sawa, kisha anaandika alichokiona. Ripoti yake na ya mwamuzi zinakwenda Bodi ya Ligi. Hapo kazi yake imeisha. Hana pointi mfukoni za kugawa.

Pale Bodi kuna Kamati ya Uendeshaji na Usimamizi wa Ligi, ile ambayo mashabiki tumeizoea kwa jina la Kamati ya Saa 72. Hii ndiyo inayopitia ripoti, inayotoza faini, inayoshughulikia mechi zilizovunjika na timu zilizogoma. Makosa mazito ya nidhamu yana njia yake, yanakwenda Kamati ya Nidhamu ya TFF. Asiyeridhika ana rufaa. Na akimaliza ngazi zote za ndani bado moyo unamuuma, kuna Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, kule Lausanne, Uswisi.

Angalia vizuri huo mstari. Hakuna sehemu ambapo mtu mmoja anaamka asubuhi, anakunywa chai, halafu anaikata timu pointi. Mtendaji Mkuu wa Bodi hawezi. Rais wa TFF hawezi. Kila rungu limefungwa kamba, na kamba yenyewe inaitwa kanuni.

Hata Marekani, ambako ligi zao zina kamishna mwenye nguvu za kutisha, kamba ipo. Aprili 2014 kamishna wa NBA, Adam Silver, alimfungia maisha Donald Sterling, mmiliki wa Los Angeles Clippers, kwa kauli za kibaguzi zilizorekodiwa. Akampiga faini ya dola milioni 2.5. Kwa bilionea yule hiyo ni hela ya vocha. Kwa nini Silver hakumpiga milioni 50? Kwa sababu 2.5 ndicho kilikuwa kiwango cha juu ambacho katiba ya NBA ilimruhusu. Na kumvua timu hakuweza peke yake, kulihitaji kura za robo tatu ya wamiliki wenzake. Mwisho Clippers iliuzwa kwa Steve Ballmer kwa dola bilioni 2 kabla kura hiyo haijapigwa.

Kwa hiyo hoja haiko kwenye ukubwa wa rungu. Hoja ni kama aliyelishika amepita njia aliyoandikiwa. Na sisi Tanzania tuna mifano miwili ya hilo, imepishana mwaka mmoja tu.

APRILI 2016: TIMU NNE ZAENDA NA MAJI

Februari 2016, mechi za mwisho za Kundi C la Ligi Daraja la Kwanza. Geita Gold na Polisi Tabora wote wanautaka Ligi Kuu, na hesabu imefika mahali ambapo mabao ndiyo yanaamua. Siku hiyohiyo Geita Gold wanaifunga JKT Kanembwa mabao 8-0. Polisi Tabora wanaifunga JKT Oljoro 7-0.

Hata mtoto wa darasa la pili angenusa. Kijiweni hukumu ilitoka jioni ileile: futa wote. Lakini hukumu halisi haikutoka jioni ileile. Suala lilipelekwa Kamati ya Nidhamu ya TFF, likasikilizwa, na uamuzi ukasomwa Aprili. Ulipotoka, ulikuwa mzito kuliko hata tulivyotegemea. Timu zote nne zikashushwa madaraja, na watu kadhaa wakafungiwa. Nafasi ya kupanda ikaenda kwa Mbao FC ya Mwanza, timu ambayo wengi wetu tulikuwa hatuijui.

Na adhabu ilisimama. Msimu wa 2016/17 Mbao wakacheza Ligi Kuu kama kawaida. Geita Gold wao walisubiri mpaka msimu wa 2021/22 ndipo wakaionja. Piga hesabu ya miaka hiyo, halafu uniambie kama rungu la soka letu halina nguvu.

APRILI 2017: POINTI TATU ZASHINDIKANA

Mwaka mmoja mbele. Aprili 2, 2017, Simba wanakwenda Bukoba, wanapigwa 2-1 na Kagera Sugar pale Kaitaba. Ubingwa umebana, wao na Yanga wanapumuliana kisogoni. Simba wanarudi na malalamiko: beki wa Kagera, Mohammed Fakhi, alikuwa na kadi tatu za njano, hakustahili kucheza. Kagera wanakana.

Kamati ya Saa 72 ikakaa, ikawapa Simba pointi tatu na mabao matatu. Msimbazi ikalipuka kwa shangwe. Jangwani ikanuna. Mabomba ya maneno yakarushwa redioni wiki nzima.

Kabla mwezi haujaisha, pointi zimerudi Bukoba. Kamati ya Katiba, Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF ilipolipitia suala lile upya ikaona taratibu za malalamiko hazikufuatwa. Matokeo ya Kaitaba yakarudi kama yalivyochezwa. Simba wakasema watakwenda FIFA. Aliyekuwa msemaji wao, Haji Manara, naye akafungiwa miezi 12 na faini ya Sh9 milioni kwa maneno aliyoyatoa wakati wa sakata lile, ingawa kifungo hicho hakikufika mwisho wake.

Sasa ona zile pointi tatu zilikuwa na uzito gani. Siku ya mwisho ya ligi, Yanga wanafungwa 1-0 na nani? Na Mbao FC haohao, pale CCM Kirumba. Simba wanashinda mechi yao. Msimamo unafungwa Yanga 68, Simba 68. Yanga wanabeba ubingwa wa tatu mfululizo kwa tofauti ya mabao.

Sabini na moja kwa sitini na nane. Hivyo ndivyo msimamo ungesomeka kama uamuzi wa Kamati ya Saa 72 ungesimama. Simba ikabidi wangoje fainali ya Kombe la FA kule Dodoma, wakawafunga Mbao 2-1, ndipo wakapata tiketi ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu 2013.

Weka kesi hizi mbili pamoja. Mwaka mmoja, shirikisho lilelile, nchi ileile. Uamuzi mmoja ulizishusha timu nne na ukasimama. Mwingine ulijaribu kuhamisha pointi tatu tu na ukaanguka. Adhabu kubwa ilidumu, ndogo ikavunjika, kwa sababu moja ilipita mlangoni na nyingine ikaambiwa imeruka ukuta.

Shabiki wa Simba ataniambia: lakini kama mchezaji alikuwa na kadi tatu, si ana kadi tatu? Utaratibu unafuta kadi? Ndugu yangu, nakuelewa. Hata wale vijana wa Lisekese wana haki ya kuuliza hivyo, mamluki ni mamluki tu. Lakini fikiria upande wa pili. Siku ambayo kamati itaruhusiwa kuruka utaratibu ili ikupe wewe haki, kesho yake itauruka ili ikunyang'anye. Na timu isiyo na wanasheria wala wenye sauti redioni ndiyo itakayoumia kwanza.

Sisi watu wa Kusini tunalijua hilo. Ndanda FC, timu iliyobeba jina la mji wetu wa Ndanda, ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15 na ikacheza huko mpaka iliposhuka 2019/20. Misimu yote hiyo tulikuwa tunakwenda Nangwanda Sijaona, Mtwara, tukijua timu yetu haina ubavu wa kupiga kelele kama wakubwa wa Kariakoo. Kinga pekee ya timu kama ile ni kanuni iliyoandikwa na kusomwa sawasawa kwa wote.

RUNGU LIKIACHWA CHINI

Lakini kuna kosa la pili, na hili halizungumzwi sana. Mwenye rungu anaweza kukosea kwa kuvuka mpaka. Anaweza pia kukosea kwa kutofika hata huo mpaka, akabaki amesimama katikati anaangalia pande zote mbili.

Mei 8, 2021, dabi ya Kariakoo ilipangwa kuchezwa saa 11 jioni. Siku hiyohiyo ikasogezwa mpaka saa 1 usiku. Yanga wakasema kanuni inataka taarifa ya mabadiliko ya muda itolewe saa 24 kabla, wakaja kwa muda wa awali, wakaondoka. Simba wakaja kwa muda mpya. Watu wamejaa uwanjani, mpira hakuna. Mechi ikapangiwa siku nyingine, ikachezwa Julai 3, Yanga wakashinda 1-0 kwa bao la Zawadi Mauya. Hakuna aliyepewa pointi za mezani, na ukiitazama kwa haki, ingekuwa vigumu. Utamwadhibuje mtu kwa kusimama kwenye kanuni uliyoiandika mwenyewe?

Tukadhani somo limeeleweka. Machi 2025 likajirudia kwa sura nyingine. Simba, wakiwa wageni wa mechi, wakasema walizuiwa kuingia Benjamin Mkapa kufanya mazoezi usiku wa kuamkia dabi, wakati kanuni inawapa haki hiyo. Wakatangaza hawachezi. Machi 8, siku yenyewe ya mechi, Bodi ikaahirisha. Yanga wakafika uwanjani, wakasema wao wapo, mwenzao hayupo, wapewe pointi zao.

Hapo Bodi ilikuwa na maswali mawili ya kujibu, na yote yalikuwa ndani ya mamlaka yake. Je, Simba walizuiwa kweli, na kama ndiyo, nani alaumiwe? Je, kuzuiwa mazoezi kunatosha timu kugoma mechi? Yakijibiwa hayo kwa maandishi na kwa haraka, aliyeshindwa anakwenda rufaa na maisha yanaendelea. Badala yake mjadala ukaachwa uchacheke miezi mitatu.

Yanga wakakimbilia CAS. Huko wakarudishwa: maliza kwanza ngazi za kwenu. Unaona? Hata mlalamikaji ana mipaka yake, huwezi kuruka ngazi kwa sababu umekasirika. Juni ikafika, mechi ikapangwa ikapanguliwa, Mwenyekiti wa Bodi, Steven Mnguto, akajiuzulu, na Mtendaji Mkuu, Almasi Kasongo, akakaa pembeni. Juni 25 mpira ukachezwa hatimaye. Yanga 2-0, na ubingwa wa nne mfululizo juu yake.

Niliangalia mechi ile kibandani, tumebanana kama korosho kwenye gunia. Wenye jezi za njano walishangilia bao, si barua. Na wenye jezi nyekundu walinuna kwa kufungwa, lakini hakuna aliyesema ameonewa mezani. Hiyo ndiyo tofauti ya pointi za miguu na pointi za karatasi.

HATA ULAYA RUNGU LINAPUNGUZWA

Wapo wanaosema haya ni mambo ya Kibongo. Si kweli. Februari 2020 UEFA iliifungia Manchester City misimu miwili isicheze mashindano ya Ulaya, na faini ya euro milioni 30. Julai mwaka huohuo CAS ikaufuta ule ufungio na kushusha faini mpaka milioni 10. Sehemu ya sababu ilikuwa muda: baadhi ya mashtaka yalikuwa ya zamani kuliko miaka mitano ambayo kanuni za UEFA zenyewe ziliruhusu.

Novemba 2023 Everton wakakatwa pointi 10 Ligi Kuu ya Uingereza kwa kuvunja kanuni za matumizi ya fedha. Februari 2024 bodi ya rufaa ikasema kosa lipo, lakini 10 ni nyingi, iwe 6. Kosa lilibaki palepale, kipimo cha adhabu ndicho kilichorekebishwa.

Kwa hiyo mwenye rungu ana mipaka ya aina nne, popote alipo duniani. Kwanza, adhabu lazima iwe imeandikwa kabla ya kosa. Pili, lazima itolewe na chombo chenye mamlaka hayo. Tatu, malalamiko yafike kwa muda na kwa njia iliyowekwa. Nne, kuna mtu juu yake atakayeisoma tena hukumu yake. Akivuka mmoja kati ya hiyo, ajue pointi alizogawa hazilali salama.

KWA VIONGOZI WA TIMU ZETU

Nimalizie na timu ndogo, maana hizi za Kariakoo zina mawakili wao. Kiongozi wa timu ya daraja la tatu, ya wilaya, hata ya mbuzi, fanya haya. Soma kanuni za msimu huu, si za mwaka juzi, kwa sababu zinabadilika. Weka daftari la kadi za wachezaji wako na za wapinzani. Ukiona kosa, mwambie nahodha alifikishe kwa mwamuzi na kamisaa siku hiyohiyo liingie kwenye ripoti. Kisha andika barua, lipa ada, dai risiti. Kumpigia simu mjumbe unayemfahamu si malalamiko, hayo ni mazungumzo.

Na kwa wenye rungu: mkipokea barua, jibuni. Mkikubali, semeni kwa kanuni ipi. Mkikataa, semeni hivyohivyo. Shabiki anaweza kuvumilia hukumu asiyoipenda. Asichovumilia ni kuachwa gizani.

Nilirudi uwanjani Lisekese siku iliyofuata. Nahodha wa ile timu iliyofungwa nilimkuta amekaa chini ya mkorosho na wenzake wawili, karatasi ya daftari juu ya paja. Usiku walikuwa wamekwenda nyumbani kwa mwalimu kumwomba radhi, na mwalimu akawaonyesha jinsi ya kuandika: jina la mchezaji, namba ya jezi, dakika, kipengele cha kanuni za mashindano. Wakachangishana tena ili wapate ada ya malalamiko.

Nikamuuliza kama ana uhakika watashinda. Akasema hajui, kamati inakaa jioni. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akanionyesha risiti.